Pad thai ya tomato sosi

Mkuu, umeuliza kama uwapeleke wageni wako kwenye ule mgahawa wa Kithai. Nimekula pale mara mbili, sirudi. Mara ya kwanza pad thai, zile tambi za mchele za kukaanga, ilikuja nyekundu, tamu kama juisi: ukwaju hakuna, wamemwagia tomato sosi, tambi zimegandana bonge moja. Nikasema labda siku hiyo mpishi hakuwepo. Mara ya pili nikaagiza tom yum, ile supu yao kali yenye uchachu. Maji ya moto, kamba watatu, mchaichai hata harufu! Na ule mchuzi wa kijani ni tui la pili tupu. Mtu wa Tanga humdanganyi kwa tui. Mkilazimika kwenda, agizeni samaki wa kukaanga na wali. Bili muikague, mimi niliwekewa maji ambayo sikuagiza.