Nembo ya kopo na kasa aliyenaswa usiku

Dukani hapa Dar nimeona kopo la jodari lenye picha ya pomboo. Ina maana wamevuliwa bila madhara?

Bila madhara kwa pomboo, tuseme. Pasifiki ya mashariki jodari huogelea chini ya makundi ya pomboo, na meli zilikuwa zikizungushia wavu kundi zima. Pomboo walikufa kwa maelfu kila mwaka, ndipo Marekani ikatunga sheria ya nembo hiyo mwaka 1990. Baadhi ya meli zikahamia kwenye vyelezo, yaani vitu vinavyoelea ambavyo samaki hupenda kukusanyika chini yake. Pomboo wakapata nafuu, lakini nyavu zikaanza kuzoa papa, kasa na jodari wachanga. Mzigo ulihamia kwa wanyama wasio na picha kwenye kopo.

Na ile nembo ya buluu yenye alama ya samaki?

Ni ya MSC (Marine Stewardship Council), shirika lenye viwango vya cheti cha uvuvi endelevu, lililoanzishwa mwaka 1997 na shirika la uhifadhi la WWF pamoja na kampuni ya Unilever. Hutazama wingi wa samaki anayevuliwa, athari kwa bahari na viumbe wengine, na usimamizi. Cheti ni cha miaka 5, na kila mwaka kuna ukaguzi. Wakaguzi ni kampuni za nje, ila anayewalipa ni mwenye kuomba cheti. Mimi hilo hunisumbua kidogo. Kinachonisumbua zaidi ni daftari la kuandikia vilivyonaswa: kasa akinaswa saa nane za usiku na melini hakuna mtazamaji, nani atamwandika?

Niko Boston. Kwa nini kambakoche wa Maine walinyang'anywa cheti?

Kwa sababu ya nyangumi. Wavuvi wa huko huzamisha madema, na kutoka kila mtego, au msururu wa mitego, hupanda kamba hadi kwenye boya. Nyangumi wa Atlantiki ya kaskazini wanaoitwa "right whale", ambao hawafiki 400, hujifunga humo. Mwaka 2022 mahakama iliona serikali ya Marekani imevunja sheria ya kulinda viumbe walio hatarini katika kusimamia uvuvi huo, na Desemba cheti kikasimamishwa. Wavuvi walikasirika: hakuna nyangumi aliyethibitishwa kufa kwa kamba zetu, walisema. Walikuwa na hoja, maana kamba nyingi zinazotolewa kwenye mizoga hazina alama ya kuonyesha zilikotoka. Hata hivyo Maine ilikuwa imeanza kuzitia zake alama za zambarau tangu mwaka 2020. Januari 2024 nyangumi jike mchanga akakutwa amekufa kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard, kamba imemkaza mkiani, na ile zambarau ipo.

Kwangu mimi alama hiyo ya rangi ina thamani kuliko kurasa nyingi za viwango. Kabla yake pande zote mbili zilikuwa zikibishana gizani.

Sisi huku Pemba tunatega jarife, yaani wavu wa kunasia samaki, na kasa na pomboo wananasa. Tunaweza kupata cheti?

Kwa jarife, mtihani ni mgumu, ndugu yangu. Hata hivyo njia zipo. Zanzibar vimejaribiwa vifaa vya kutoa mlio vinavyofungwa kwenye wavu, na pomboo walionaswa wakapungua. Pakistan wavuvi waliushusha wavu mita 2 chini ya uso wa maji, nao wakaona nafuu kubwa. Kwa kasa bado kuna kazi.

Mngeanza na pweza. Mtu anayetembea mwambani bamvua likitoka, na mchokoo mkononi, hanasi pomboo. Kisiwa Panza, huko huko Pemba, wameshafunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, jambo ambalo Madagaska wanalifanya tangu 2004. Kikwazo ni pesa: ukaguzi kamili hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na kijiji hakiwezi peke yake bila mnunuzi au mfadhili.

Kwa sisi tunaonunua sokoni bila nembo yoyote?

Muulize mchuuzi: wa mshipi, wa dema au wa jarife? Wa mshipi mara nyingi utamjua hata kabla hajajibu. Magamba yake hayajachubuka.