Mfundishe mshale kabla ya namba

Sensa za sukari, vile vidude vinavyobandikwa mkononi vikapima sukari na kuionesha kwenye simu, ninazoziona kwa watu hapa Pemba nyingi zimekuja kwenye begi la ndugu. Mtoto yuko London, amerudi likizo na boksi mbili. Mama anabandikwa siku ile ile, anaoneshwa pa kugusisha simu, kisha mtoto anapanda ndege. Mimi naishi na kisukari cha aina ya kwanza tangu nilipokuwa skuli, na kwa kuwa nilitangulia kuivaa, jamaa na majirani huja kibarazani kwetu Chake Chake niwafahamishe. Naandika kwa ajili ya yule anayefundisha, kwa sababu mara nyingi tabu iko kwake kuliko kwa mgonjwa.

Namba usianze nazo. Mtu mzima aliyejidunga insulini miaka kumi anazijua. Kigeni kwake ni mshale ulio kando ya namba kwenye simu. Mashine ya kidole humwambia sukari iko wapi sasa hivi, mshale humwambia inakoelekea. Mshale ukilala, sukari imetulia. Ukiinama, inashuka. Kwenye Libre, ambayo ndiyo wengi wanaletewa, ukitazama chini wima maana yake sukari inashuka kwa zaidi ya 0.1 kila dakika (kwa milimoli, kipimo cha kliniki zetu), na kwa kasi hiyo 6 yako nusu saa mbele itakuwa chini ya 3.

Kuna ami mmoja, mchumaji karafuu, alikuwa kila nikimuuliza ananijibu namba tu.

"Ami, sensa yasemaje?"

"Sita nukta moja. Nzuri hiyo, mwanangu."

"Na mshale?"

"Unatazama chini."

"Na sasa unakwenda wapi?"

"Kuchuma." Akanyamaza. "Kumbe hapa nile kwanza."

Sikumwongezea neno. Kazi ya kupanda mkarafuu inakula sukari, na juu ya tawi si pahala pa kuanza kutetemeka. Ndiyo maana nafundishia shughuli ya mtu mwenyewe, wala si kijitabu kilichokuja na boksi. Mwenye kupika maandazi alfajiri namuuliza ya alfajiri. Kiwango cha insulini lakini sikigusi, hicho akakizungumze na dakta wake.

Jambo la pili ndilo linalowachanganya kuliko yote. Sensa haipimi damu, inapima majimaji yaliyo chini ya ngozi, na hayo huchelewa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Mtu sukari imemshuka, yuko 3.2, anakunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, ambayo ndiyo dawa yake. Baada ya dakika kumi anaangalia simu: 3.0. Anakunywa tena. Anaangalia, bado. Anaongeza na soda. Usiku yuko 17 na anailaani sensa. Mwambie anywe, asubiri dakika 15, kisha atoboe kidole, kwa sababu wakati huo kidole ndicho chenye habari mpya. Na asikimbilie haluwa, hata ikiwa ya Wete. Samli iliyomo huichelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Kidole nacho kina adabu zake. Aliyetoka kumenya embe akapima bila kunawa atapata namba ya embe. Vijiti vya kupimia vikae kwenye kichupa chao kilichofungwa, maana unyevu wetu huu unaviharibu. Na sensa ikionesha kushuka usiku hali mtu hana dalili yoyote, muulize amelalia mkono gani. Kuulalia mkono wenye sensa peke yake kunaweza kuiteremsha namba.

Kabla ndugu hajanunua, mwulizeni mambo mawili: simu ya mgonjwa inaweza kuisoma sensa hiyo? Na mashine inatumia kipimo gani? Iliyotoka Marekani husoma kwa miligramu, na bibi aliyezoea 7 ya kliniki akiona 126 atadhani amekwisha. Ni sukari ile ile, gawa kwa 18.

Ramadhani inataka kikao chake, khasa kwa wenye insulini, ambao wengine dakta atawakataza kufunga kabisa. Wanaofunga mimi huwaambia mambo mawili tu: wanavyuoni wengi wamesema kupima hakubatilishi saumu, na miongozo ya kisukari inataka mtu afungue sukari ikiwa chini ya 3.9 au ikipita 16.6, hata kama adhana imebaki robo saa. Hapa namwita na mke au mume asikie, kwa sababu mwenyewe ataona haya kufungua peke yake.

Sensa moja inakaa siku 14 au 15, kwa kutegemea aina, kwa hiyo boksi mbili hazizidi mwezi, na baada ya hapo mtu anarudi kwenye kidole. Basi zile wiki mbili za kwanza zitumike kuuliza maswali: muhogo wa nazi unanipandisha kiasi gani, na baada ya muda gani? Nikitembea baada ya kula je? Aandike kwenye daftari, si kwenye simu ya mjukuu. Ya pili isibandikwe hapo hapo. Someni kwenye boksi tarehe ya mwisho na joto linalotakiwa, na muda ukiruhusu iwekeni mpaka Ramadhani au msimu wa karafuu.