Gamba tu linatosha kutangaza spishi mpya ya konokono?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Mwanza, nakaa Kirumba. Likizo nilikuwa Tanga kwa shemeji nikarudi na mchanga wa ufukweni, nimeuchekecha nikapata vikonokono vinne vinavyofanana, urefu kama milimita 4, vyembamba, vina vinundu vidogo vidogo na mdomo uko kushoto. Nimevitunza kwenye kiberiti. Nimetafuta mtandaoni sivioni. Je, naweza kuvitangaza kuwa spishi mpya kwa gamba tu, bila mnyama mwenyewe? Na nikiandika, niandike nini?

JIBU: Marahaba mwalimu. Kabla ya yote vitoe kwenye hicho kiberiti leo leo, maana mbao na karatasi vinatoa mvuke wenye asidi kidogo kidogo na gamba ni chokaa, baada ya muda utakuta ungaunga mweupe juu yake na vile vinundu vimekwisha. Weka kwenye kichupa cha kioo, tumbukiza na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: ufukwe gani, tarehe, nani kaokota. Kusafisha ni maji na brashi laini tu, siki usiisogeze kabisa.

Sasa hilo la mdomo kushoto ndilo limenifanya nikae vizuri kwenye kiti. Hakikisha kwanza: shika gamba ncha juu, mdomo ukuelekee wewe, uangalie kwa macho yako na sio kwenye picha ya kamera ya mbele ya simu, zile kamera nyingine zinageuza kushoto kuwa kulia. Huku ziwani tumezoea, konokono aina ya Bulinus wanaobeba kichocho cha mkojo mdomo wao uko kushoto, lakini baharini karibu konokono wote ni wa kulia. Kwa hiyo kadogo, kembamba, vinundu, kushoto, mimi moja kwa moja nafikiria familia ya Triphoridae, wanaokula sponji, wale wanyama wa baharini. Ni familia ngumu sana, nikuambie ukweli, magamba yake yanafanana mpaka unachoka.

Swali lako lenyewe: ndiyo, kisheria gamba linatosha. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazidai nyama wala vinasaba. Zinadai maelezo yanayotofautisha spishi yako na nyingine, na kwa jina lolote lililotolewa baada ya 1999 lazima utaje wazi kielelezo kinachobeba jina, kwa kawaida kimoja, yaani holotaipu, na useme kitatunzwa kwenye makumbusho au mkusanyo gani. Konokono wadogo wengi wa baharini wameelezwa hivyo hivyo kwa gamba tupu. Kule Koumac, New Caledonia, watafiti walikusanya spishi 2,738 za moluska, yaani konokono, chaza na jamii yao, kwenye eneo moja, matokeo yakatoka 2002, na kama moja ya tano ya spishi hizo walipata kielelezo kimoja kimoja tu. Ukisema usubiri mnyama hai utazeeka.

Ila kutosha kisheria ni kitu kimoja na kuwa sahihi ni kingine, na hapa ndipo ziwa letu linafundisha. Nenda kwenye mafunjo kando ya ziwa utapata konokono aina ya Biomphalaria mpana mwenye gamba jembamba, halafu chota tope kwenye maji ya kina utapata mwingine mdogo, mnene, umbo tofauti kabisa. Wazee wa fani waliwapa majina mawili, sudanica na choanomphala, na kwa gamba mtu yeyote angekubali, lakini vinasaba vya hawa wa Ziwa Victoria haviwatenganishi, inaonekana ni spishi moja inayobadilika kufuata mahali inapoishi. Kwa hiyo magamba manne kutoka chupa moja ya mchanga, mwalimu, kwangu ni machache. Tafuta mengine, na kutoka fukwe zaidi ya moja, uone tofauti inaendaje. Ila uliza kwanza kama ufukwe uko ndani ya hifadhi ya bahari, huko unahitaji kibali, na mambo ya utafiti wenyewe waulize COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, mapema.

Kitu cha kuangalia kwa makini kuliko vyote ni ile ncha, mizunguko ya mwanzo kabisa ambayo konokono alijenga akiwa bado kiluwiluwi. Inaitwa protokonki, na ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Ikiwa na mizunguko mingi midogo, kiluwiluwi alielea baharini muda mrefu akila, na mnyama wa hivyo anaweza kusambaa kuanzia pwani yetu mpaka visiwa vya Pasifiki, sasa huenda alishapewa jina Ufilipino au Japani miaka mia iliyopita na jina la kwanza ndilo linaloshinda. Ikiwa na mizunguko michache mikubwa butu, hakuelea sana, hapo matumaini ya kuwa wa huku tu yanaongezeka. Kama ncha imevunjika kwenye magamba yote manne, kwa Triphoridae mimi nisingeandika kitu.

Halafu angalia kama ni mkubwa kweli au mtoto. Triphoridae aliyekomaa mdomo wake umekamilika na ule mfereji wa chini umejifunga kama kibomba, mtoto hana hivyo. Magamba ya ufukweni pia yanasagwa na mchanga, kwa hiyo unachoona ni laini huenda kilikuwa na michoro.

Kwenye maandishi yako weka urefu, upana, urefu wa mdomo na idadi ya mizunguko kwa kila gamba, sio wastani peke yake. Hesabu mistari ya vinundu, na hasa sema mstari wa kati unaanza kuonekana kwenye mzunguko wa ngapi, maana mara nyingi wanaanza na miwili wa tatu unakuja baadaye na hapo spishi zinaachana. Rangi pia, pamoja na rangi ya protokonki. Kisha sehemu ndefu kuliko zote iwe ya kulinganisha: huyu ndugu yake wa karibu ni yupi na wanatofautiana wapi. Majina utaanzia MolluscaBase, orodha ya mtandaoni ya majina ya moluska, ni bure, ila usiishie hapo, fuata maelezo ya asili na picha za holotaipu. Kuposti Facebook hakuhesabiki, na kwa jarida linalotoka mtandaoni tu lazima kazi isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama, utaratibu upo tangu 2012.

Tafuta hadubini hapo shuleni, piga kila gamba mbele, mgongoni na kwenye ncha, weka na skeli ya milimita, unitumie. Nikiona ncha nitakuambia kama tuanze kuchimba majina ya zamani au la.