Barua kwa Mwanangu: Yale Uliyoyasikia Mkutanoni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umerudi kutoka kwenye mkutano wa wanaastronomia ukiwa na daftari lililojaa na picha nyingi za slaidi ndani ya simu, na unaniuliza kama wenzako wa kikundi cha kutazama nyota uwaeleze sasa hivi yale uliyoyasikia, au ungoje hadi makala zichapishwe kwenye majarida. Waeleze sasa. Lakini kila habari uitoe pamoja na umri wake, ili msikilizaji ajue kama anapokea jambo lililokwisha kupimwa na wengi au jambo ambalo bado ni neno la kundi moja tu.

Kungoja sikushauri, kwa sababu mikutano ni mahali ambapo elimu hii imekuwa ikipashana habari zake kubwa tangu zamani. Tarehe 1 Januari 1925 waraka wa mwanaastronomia Edwin Hubble ulisomwa mjini Washington na Henry Norris Russell, kwa kuwa Hubble mwenyewe hakuhudhuria, na waliokuwapo wakasikia kwamba nyota zinazobadilika mwanga ndani ya Andromeda, lile doa la mwanga hafifu angani, zinaonyesha kuwa Andromeda iko nje kabisa ya galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambalo Jua letu limo ndani yake. Maelezo yake marefu kuhusu Andromeda yalichapishwa mwaka 1929. Vilevile, mwezi Oktoba 1995, Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza katika mkutano mjini Florence kwamba nyota 51 Pegasi ina sayari kubwa inayomaliza mzunguko wake kwa siku 4.2 tu, jambo ambalo wengi waliona haliwezekani. Kwa kuwa lilisemwa hadharani, Geoffrey Marcy na Paul Butler waliielekea nyota hiyohiyo katika kituo cha kutazama nyota cha Lick huko California, na ndani ya siku chache wakaziona dalili zilezile za sayari. Habari ikitoka mapema, wenye darubini hupata nafasi ya kuipima mapema.

Kuhusu picha za slaidi nina ukali zaidi, na nakuomba unisikilize. Slaidi hutengenezwa kusindikiza sauti ya msemaji, na nusu ya maana yake hubaki mdomoni mwake. Mwezi Machi 2014 kundi la BICEP2, lililokuwa na darubini Ncha ya Kusini, lilitangaza kwamba limeona alama za mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga lenyewe, kutoka mwanzo kabisa wa ulimwengu. Ili kujiridhisha kwamba hawaoni vumbi la galaksi yetu tu, walitumia makadirio kadhaa ya vumbi hilo, na mojawapo lilichotwa kutoka kwenye slaidi ambayo kundi la setilaiti ya Planck liliionyesha mkutanoni. Baadaye kadirio hilo liliondolewa kwenye makala iliyochapishwa, na mwanzoni mwa mwaka 2015 makundi hayo mawili yalipounganisha data zao, ilionekana kwamba vumbi lilikuwa na sehemu kubwa mno katika ishara ile, hata dai la awali halikuweza kusimama. Ikiwa wataalamu wa kiwango hicho waliweza kuingia matatani kwa kutegemea slaidi, wewe na mimi tuna sababu kubwa zaidi ya kuandika yaliyosemwa, kumuuliza mwenye kazi pale tusipoelewa, na kuomba ruhusa yake kabla ya kusambaza picha yoyote.

Sasa nikueleze kwa nini nasisitiza umri wa habari. Mwezi Julai 1991 Andrew Lyne na wenzake walichapisha, na zingatia kwamba hili lilikwisha kupita kwenye jarida, kwamba wamepata sayari inayoizunguka pulsa iitwayo PSR 1829-10. Pulsa ni kiini kilichobaki baada ya nyota kulipuka, nacho hujizungusha na kutuma mapigo ya redio kwa mpangilio kama saa. Nilikuwa nikifundisha fizikia wakati huo, na niliwaambia wanafunzi wangu kwa furaha kwamba sayari nje ya mfumo wa Jua imepatikana.

Mwezi Januari 1992 Lyne alisimama mjini Atlanta, mbele ya mkutano wa Jumuiya ya Wanaastronomia ya Marekani, mahali alipoalikwa kuizungumzia sayari hiyo, akasema haipo. Dunia inapolizunguka Jua, mapigo ya pulsa hutufikia mapema kidogo tukiisogelea na kuchelewa tukijitenga nayo, hivyo mwendo wetu lazima uondolewe kwenye hesabu. Hesabu zao za awali zilichukulia mzingo wa Dunia kuwa duara kamili, ilhali ni duaradufu, na kwa kuwa mahali pa pulsa hiyo angani palikuwa pamekosewa kidogo, mabaki ya kosa yalijitokeza kila baada ya miezi sita yakafanana na sayari. Alipomaliza, ukumbi mzima ulisimama ukampigia makofi. Aliyemfuata kuzungumza alikuwa Alexander Wolszczan, aliyeeleza kuhusu pulsa nyingine, PSR B1257+12, yenye sayari mbili zinazoizunguka kwa siku 67 na 98 hivi. Mahali pa pulsa hiyo palikuwa pamekwisha kupimwa kwa usahihi na Dale Frail, na sayari hizo zinakubalika hadi leo.

Fikiria mtu aliyekuwa na daftari katika kikao kile. Madai mawili yalifanana kwa sura, moja likazikwa na jingine likaishi, na tofauti yake haikuwa katika ufasaha wa msemaji bali katika namna mahali pa pulsa palivyopimwa. Mimi niliposoma habari za kosa lile, darasa langu lilikuwa limekwisha kumaliza masomo na kutawanyika. Sikuwa na njia ya kuwafikia, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Kwa hiyo, unapowaeleza wenzako, tumia neno linalolingana na hatua. Ikiwa msemaji alisema wameona dalili, usiseme wamegundua. Ukisikia kwamba sayari iko katika eneo ambalo maji yanaweza kubaki majimaji, sema hivyohivyo ilivyo, kwa kuwa hakuna aliyeyaona maji hayo, ila umbali wake kutoka kwa nyota yake ndio uliokadiriwa. Taja idadi ya darubini zilizoliona jambo, na kama kipimo kina kiasi cha shaka, kitaje pia, hata kama wasikilizaji watakunja uso mwanzoni. Halafu weka orodha ya yote uliyowaeleza pamoja na tarehe, na kila miezi michache uipitie, ili lililoanguka uwarudie watu walewale uwaambie limeanguka.

Umeniandikia kwamba lililokugusa kuliko yote ni bango la mwanafunzi aliyeonyesha nyota inayofifia kwa namna isiyoeleweka, na kwamba hakuna aliyesimama hapo muda mrefu isipokuwa wewe. Kazi hiyo bado ni changa, nayo ni mali yake. Mwandikie leo, umuulize kama yuko radhi uizungumze na kama kuna kipimo kipya tangu mkutano. Akikubali, anza na bango lake, na jina lake ulitaje kabla ya nyota.

Wako akupendaye,
Mama