Maswali Yenu: Kimbunga Kikiacha Bahari na Kupanda Milimani

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 hadi Novemba 30, na kila mwaka wasomaji wetu walioko Marekani hutuandikia. Leo najibu maswali manne.

Kwenye ramani ya kimbunga kuna lile umbo kama koni. Mji wetu uko nje yake. Tumepona? (Msomaji, Greensboro)

Bado, dada yangu. Koni huonyesha kitovu cha kimbunga kinaweza kupita wapi, basi. Upana wa dhoruba, mvua na mafuriko havimo. Kituo cha Taifa cha Vimbunga kule Miami huichora kwa kupima makosa ya utabiri wake wa miaka mitano iliyopita, na hata hivyo kitovu hutoka nje ya koni takriban mara moja kwa kila tatu. Taarifa mpya hutolewa kila baada ya saa sita. Tazama hiyo, si picha ya juzi inayozunguka kwenye kundi la WhatsApp.

Shikamoo. Sisi tuko milimani, mamia ya kilomita kutoka baharini. Kimbunga kitatufikiaje? (Msomaji, North Carolina)

Marahaba. Kinafika, na kimbunga Helene ndicho shahidi. Kilitua karibu na Perry, Florida, usiku wa Septemba 26, 2024, kikiwa cha daraja la 4 kati ya 5, upepo wake kilomita 225 kwa saa. Asheville, jiji la milimani North Carolina, iko zaidi ya kilomita 500 kaskazini ya hapo. Upepo ulipungua njiani, lakini unyevu ulibaki.

Kwanza, mvua kubwa ilikuwa imeshanyesha kabla kimbunga chenyewe hakijafika, ardhi ikawa haina tena pa kuweka maji. Kisha hewa nzito ya baharini ikagonga Milima ya Appalachia, ikapanda, ikapoa, ikamwaga ilichobeba. Kijiji cha Busick, North Carolina, kilipata zaidi ya milimita 700 kwa siku tatu. Mabonde ya kule ni membamba na kila kijito hushukia mto uleule. Mto French Broad ulipanda pale Asheville hadi mita 7.5, ukavunja rekodi ya mwaka 1916. Mabomba makubwa ya jiji yalisombwa, na wakazi wakasubiri hadi Novemba 18 ndipo maji ya bomba yakatangazwa salama kunywa. Nchini Marekani walikufa zaidi ya watu 200, na North Carolina ilizika wengi kuliko jimbo lolote.

Kinachoniuma ni kwamba watabiri wa eneo hilo walionya mapema, wakayataja mafuriko yale ya 1916 kwa mwaka wake. Wengi walidhani kimbunga ni habari ya watu wa pwani.

Wametangaza kimeshuka daraja, na kazini wanasema zamu iko palepale. Niende? (Msomaji, Tennessee)

Daraja hupima kasi ya upepo tu. Kati ya mwaka 2013 na 2022, zaidi ya nusu ya waliouawa moja kwa moja na vimbunga Marekani waliuawa na mafuriko ya mvua, wengi wao wakiwa ndani ya magari. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu huweza kulibeba gari dogo. Kama njia yako inavuka mto au kupita bondeni na onyo la mafuriko limetolewa, usiende. Mpigie msimamizi mapema umweleze. Na ukiwa unaishi bondeni, hama mchana. Usiku huoni maji yamefika wapi. Umeme ukikatika, jenereta ikae nje, angalau mita sita kutoka dirishani. Moshi wake huua watu waliolala.

Huku kwetu je, vimbunga huingia bara? (Msomaji, Morogoro)

Tanzania iko karibu na ikweta, ambako vimbunga hukosa nguvu ya kujizungusha, kwa hiyo ni nadra. Lakini Lindi ilipigwa mwaka 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia kikiwa kimedhoofika. Kwa habari ya bara, jirani zetu wanajua: kimbunga Idai kilitua Beira, Msumbiji, Machi 2019, na huko Chimanimani, Zimbabwe, karibu kilomita 200 ndani, milima iliporomoka juu ya nyumba watu wakiwa wamelala. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ikitoa angalizo la mvua kubwa, wa Uluguru nao walisikilize kama wa Mtwara.