Maji ya mvua jirani na eneo lenye sumu: kuchemsha hakutoshi

Kama unakaa jirani na mahali palipowahi kumwagwa au kutelekezwa dawa za kuulia wadudu, usiyaamini maji ya mvua kwa sababu tu yametoka mawinguni. Nimeishi Kibaha, na shamba la Vikuge tunalijua. Mwaka 1986 zililetwa pale shambani tani 170 hivi za dawa, msaada kutoka Ugiriki, nyingine zikiwa zimeshapitwa na muda. Zikawekwa kwenye banda la wazi, banda likaja kuanguka, na sumu za kuulia wadudu zilizokuwa humo, DDT na HCH, zikaingia ardhini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipopima maji ya mvua ya Kibaha, walizikuta humo pia.

Zinafikaje juu? Jua linapochoma udongo, sehemu ya sumu hupanda kama mvuke. Nyingine hubebwa na vumbi, nalo hutua kwenye bati kiangazi chote.

Ndiyo maana mvua ya kwanza ya vuli tunaiacha ipite. Tazama ndoo ya mwanzo chini ya gata: maji ya rangi ya chai, tope laini limetuama chini. DDT hupenda kushikamana na tope hilo. Sisi tunachomoa bomba linaloingia kwenye simtanki mpaka bati lioshwe vizuri, na kila kiangazi tanki linasafishwa.

Shangazi yangu aliwahi kuniambia, "Mwanangu, mbona mimi nachemsha?" Nikamjibu, "Shangazi, moto unaua vijidudu vya kuharisha. Hii sumu haifi jikoni." Klorini nayo haiiondoi. Kichujio cha mkaa maalumu husaidia, ila mkaa ukichoka lazima ubadilishwe, na hapo wengi hukwama.

Kwa hiyo ya mvua tunafulia na kudekia. Ya kunywa, na hasa ya watoto na wajawazito, ni ya bomba, hata ikibidi kununua dumu. Hili silegezi.

Mkitaka uhakika, changeni majirani mpeleke sampuli maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ulizeni kwanza chombo cha kubebea, kisha ombeni wazi kipimo cha mabaki ya viuatilifu, yaani hizi dawa za kuulia wadudu, maana kipimo cha kawaida huangalia zaidi vimelea na chumvi. Kwa DDT, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa. Majibu yakizidi hapo, yapelekeni ofisi ya kijiji yakiwa kwenye karatasi.