Nina shaba mwilini, na si ya mgodi

Hapa Lubumbashi ukisema una shaba nyingi mwilini, watu wanacheka kwanza. Halafu wanauliza nani kwenu alifanya kazi mgodini. Kwetu ni babu, enzi za Union Minière, kampuni ya zamani ya migodi ya shaba, na tantine (shangazi) mmoja hadi leo anaamini vumbi lake ndilo lililotufikia sisi wajukuu. Sivyo. Ugonjwa wa Wilson ni wa kurithi: baba na mama kila mmoja hubeba nakala moja mbovu ya jeni iitwayo ATP7B bila kuugua, na mtoto akizipata zote mbili, ini lake linashindwa kutoa shaba kupitia nyongo. Ni shaba ileile ndogo iliyomo katika chakula cha kila mtu. Inajaa ndani ya ini, kisha inahamia ubongoni.

Mimi nilianzia mkononi. Mwandiko wangu ubaoni ulilegea, wanafunzi wakauona kabla yangu. Miezi ilipita kwa dawa za mishipa na maombi, mpaka daktari wa macho akamulika jicho na kuona pete ya kahawia, shaba iliyotua, ikizunguka weusi wake.

Niliandikiwa penisilamini. Inaikamata shaba na kuitoa kwa mkojo. Duka la kwanza la dawa nililoingia lilinipa penisilini, antibiotiki, na muuzaji akaniambia kwa upole kwamba daktari amekosea kuandika. Tangu siku hiyo nasoma jina kwenye kopo herufi kwa herufi, mbele ya muuzaji, hata foleni ikinuna.

Dawa yenyewe inataka tumbo tupu: saa moja kabla ya kula, au saa mbili baada yake. Kuyasema ni rahisi. Ya kwanza naimeza saa kumi na moja alfajiri, ninapoamka kukinga maji kabla bomba halijakauka; chai nainywa saa kumi na mbili. Shida ni kilio, yaani matanga. Kwenye kilio chakula kinakuja kinapokuja, na ukiweka sahani pembeni unaulizwa, "Weye mwana, unakatala bukari yangu?" Nilikuwa napoteza muda kueleza ini na nyongo. Siku hizi nasema, "Mama, dawa imetangulia, uniwekee yangu," na sahani inafunikwa.

Jihadhari na vidonge vya kuongeza damu. Zahanati zetu huwapa wanawake madini ya chuma kirahisi, na ukivimeza pamoja na penisilamini vinaipunguzia nguvu. Mwambie daktari, mtenganishe saa. Vitamini B6 nayo nameza kila siku, kwa sababu dawa hii huipunguza mwilini.

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Ulimi ulipoteza ladha, sombe (kisamvu) ikawa kama karatasi iliyolowa. Mkono ulitetemeka kuliko kabla ya dawa, nikataka kuacha. Hilo usilifanye peke yako. Kuacha ghafla kunaweza kuliua ini, hata kama ulikuwa unajisikia mzima. Nilirudi kwa daktari, akashusha dozi na kuipandisha polepole. Ukiona homa, vipele, au mkojo wenye povu, nenda siku hiyohiyo. Vipimo vya damu na mkojo usivikwepe, maana dawa hii inaweza kugusa figo na chembe za damu.

Yangu inatoka nje ya nchi, kwa hiyo nahesabu vidonge kila Jumapili. Vikibaki vya miezi miwili, naagiza. Wengine wanasubiri mwezi mmoja. Wana moyo kuliko mimi.

Chakula? Nakwepa vyenye shaba nyingi: maini nimeacha, chokoleti sikuizoea kamwe. Kinachoniuma ni uyoga. Mvua zikianza, akina mama wanaupanga barabarani kwa mafungu, mweupe, bado una udongo, nami napita nikitazama upande mwingine.

Jambo ambalo ningelifanya mapema ni kuwapima ndugu. Kila mtoto wa wazazi wale wale ana nafasi moja kati ya nne ya kuurithi ugonjwa huu. Sisi tuko watano, na mdogo wetu wa mwisho alikutwa nao, hana dalili hata moja. Yeye amepewa zinki, inayozuia shaba isipite kutoka utumbo kwenda kwenye damu. Analalamika kwamba inamchafua tumbo. Mwandiko wake, lakini, bado ni mzuri kuliko wangu.